Mei Mosi kwa Mtoto wa Miaka Sita

Madarasa mengi ya awali nchini mwetu yana bango moja linalofanana. Daktari amevaa koti jeupe, rubani ana kofia, askari wa barabarani amenyoosha mkono, mwalimu ameshika chaki, mkulima ana jembe begani. Chini pameandikwa "Kazi za Watu". Inapokaribia Mei Mosi mwalimu huchukua fimbo, akagusa picha moja moja, na watoto wakaitikia kwa pamoja. Halafu huja swali ambalo kila aliyepita shule zetu analikumbuka: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Mikono inapanda. Madaktari thelathini, marubani kumi na wawili, mwanajeshi mmoja. Somo limekwisha. Kesho ni sikukuu na shule imefungwa.

Nafundisha watoto wa umri huo na sina ugomvi na bango. Mtoto anajifunza majina, na majina yana kazi yake. Shida ni kwamba bango linajibu swali ambalo Mei Mosi haikuuliza. Waliotuachia sikukuu hii hawakuwa wanadai kushukuriwa kwa kuwa na kazi. Walikuwa wanadai saa. Tena tangu mwanzo kabisa watoto walikuwamo, kwa sababu jambo lenyewe liliwahusu kuliko mtu yeyote.

Mwishoni mwa karne ya 18, katika kijiji cha New Lanark huko Scotland, palikuwa na viwanda vikubwa vya kusokota pamba vilivyoendeshwa kwa maji ya mto Clyde. Mmiliki wake, David Dale, alikuwa amechukua watoto wapatao 500 kutoka nyumba za kulelea maskini za Edinburgh na Glasgow. Wengine walikuwa na miaka mitano au sita tu walipoletwa. Kwa vipimo vya wakati ule Dale hakuwa mtu mbaya. Aliwalisha, akawavisha, hata akawawekea walimu. Lakini masomo yalianza jioni, baada ya mtoto kusimama mashineni tangu asubuhi na mapema. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha watoto wadogo saa saba mchana, joto limepanda na matumbo yanadai chakula, anaweza kukisia walijifunza nini saa moja usiku.

Mwaka 1800 usimamizi wa viwanda hivyo ulishikwa na mkwe wa Dale, Robert Owen. Aliacha kupokea watoto wa nyumba za maskini, kisha akakataa kuajiri mtoto yeyote wa chini ya miaka 10. Jambo hilo lilizua tatizo ambalo hatulifikirii sana leo: kama mtoto haendi kiwandani na wazazi wote wawili wako kiwandani, anakwenda wapi? Tarehe 1 Januari 1816 Owen akafungua shule. Ilipokea hata watoto waliokuwa ndiyo kwanza wanatembea. Waliimba, wakacheza, wakatolewa nje kutazama mimea, na kuta za madarasa zilitundikwa picha kubwa za wanyama. Kwa hiyo hata lile bango letu lina babu yake.

Mwaka uliofuata, 1817, Owen huyohuyo ndiye anayetajwa kuwa alianza kudai siku igawanywe mafungu matatu: saa nane za kazi, saa nane za kupumzika na kufanya mambo yako, saa nane za kulala. Naomba msomaji atue hapo kidogo. Mtu aliyefungua moja ya shule za kwanza za watoto wadogo nchini Uingereza ndiye anayetajwa kulianzisha dai ambalo, miaka sabini baadaye, lilizaa Mei Mosi. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Mzazi anayefanya kazi saa 14 hana mtoto wa kulea. Ana mtoto wa kumlaza. Na mtoto anayefanya kazi hana utoto wowote.

(Sitaki kumfanya Owen malaika. Alikuwa tajiri, na kiwandani kwake mwenyewe watu wazima waliendelea kufanya kazi zaidi ya saa 10 kwa siku. Historia ya kazi imejaa watu wa aina hii, wenye macho marefu kuliko mikono yao.)

Sheria zilifuata polepole. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1833 ilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vya nguo, na ikataka watoto wakubwa kidogo ya hapo wapate saa mbili za masomo kila siku. Tarehe 21 Aprili 1856, waashi waliokuwa wakijenga chuo kikuu cha Melbourne, Australia, waliweka chini zana zao, wakaandamana hadi kwenye bunge, na wakashinda: siku ya saa nane, bila kupunguziwa ujira. Lakini kwa wengi wa dunia saa nane ilibaki kuwa ndoto.

Sasa twende Chicago, mahali ambapo hadithi hii inakuwa ngumu kumsimulia mtoto.

Tarehe 1 Mei 1886 mamia ya maelfu ya wafanyakazi kote Marekani waliacha kazi wakidai siku ya saa nane. Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu. Siku mbili baadaye polisi waliwapiga risasi wafanyakazi nje ya kiwanda cha McCormick cha mashine za kuvunia, na baadhi wakafa. Jioni ya tarehe 4 Mei uliitishwa mkutano wa kulaani mauaji hayo, karibu na soko la Haymarket. Miongoni mwa waliohutubia alikuwa Albert Parsons, mpiga chapa na mhariri wa gazeti la wafanyakazi. Alikwenda na mkewe Lucy, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika ambaye wanahistoria wanaamini alizaliwa utumwani, pamoja na watoto wao wawili. Mvua ilipotishia kunyesha, familia hiyo ikaondoka. Watu walikuwa wamebaki wachache pale polisi walipofika na kuwaamuru watawanyike. Bomu likarushwa. Polisi saba walikufa, na raia wasiopungua wanne nao wakafa kwa risasi zilizofuata. Aliyelirusha bomu hilo hajulikani mpaka leo.

Wanaume wanane walishtakiwa, wengi wao hata hawakuwapo bomu lilipolipuka. Saba walihukumiwa kifo na mmoja kifungo cha miaka 15. Wawili walibadilishiwa adhabu, mmoja akafa ndani ya selo siku moja kabla ya kunyongwa, na tarehe 11 Novemba 1887 wanne wakanyongwa, Albert Parsons akiwemo. Miaka sita baadaye gavana wa jimbo la Illinois, John Peter Altgeld, aliwasamehe watatu waliobaki hai na kuieleza kesi nzima kuwa haikuwa ya haki.

Vitabu vingi vinavyosimulia kisa hiki huishia kwenye kitanzi. Mimi hunishika zaidi habari ya watoto. Albert mdogo alikuwa na miaka 8, na dada yake Lulu alikuwa na miaka 6. Siku mbili kabla ya kunyongwa, baba yao aliwaandikia barua kutoka selo. Ni barua ya mzazi kwa watoto wadogo, yenye maneno mepesi, akiwaeleza kwa nini anakufa na kuwaomba waisome kila mwaka siku hiyo itakaporudi. Asubuhi ya tarehe 11 Lucy aliwachukua watoto kwenda gerezani wakamwage baba yao. Polisi hawakuwaruhusu. Waliwakamata, mama na watoto, wakawapeleka kituoni, wakawavua nguo na kuwapekua, kisha wakawafungia mpaka walipoambiwa kwamba kazi imekwisha.

Nikifikiria jinsi ya kuwafundisha watoto wadogo Mei Mosi, huwa narudi kwenye barua ile, maana kwa kadiri ninavyojua hakuna aliyetangulia kuifanya kazi hiyo kabla yake. Mtu alikuwa na siku mbili za kuishi na wasomaji wawili, mmoja wa umri wa darasa la kwanza, mwingine wa darasa la tatu. Hakuchora daktari na rubani.

Lulu alifariki kwa maradhi Oktoba 1889. Miezi mitatu kabla yake, mkutano wa vyama vya kijamaa uliofanyika Paris ulikuwa umeamua kwamba tarehe 1 Mei 1890 wafanyakazi wa nchi zote waandamane kudai saa nane. Hakuiona Mei Mosi hata moja.

Je, nimwambie mtoto wa miaka sita habari ya kitanzi? Hapana. Nimewahi kusikia hoja kwamba watoto wasifichwe chochote, na mimi siiafiki. Kuna ukweli unaosubiri darasa la tano. Lakini kati ya kitanzi na bango la rubani kuna nafasi kubwa. Naweza kusema: palikuwa na msichana wa umri wenu anaitwa Lulu, jina ambalo hata kwetu lipo, na baba yake alitaka watu wawahi kurudi nyumbani. Wakubwa fulani walikasirika sana. Hilo mtoto analielewa. Anaelewa zaidi kuliko mtu mzima maana ya baba kuwahi kurudi nyumbani.

Marekani yenyewe haisherehekei tarehe hiyo. Wao wana Jumatatu ya kwanza ya Septemba, iliyotokana na maandamano ya New York ya tarehe 5 Septemba 1882. Rais Grover Cleveland aliitia saini kuwa sikukuu ya taifa tarehe 28 Juni 1894, wakati mgomo mkubwa wa reli ulikuwa unaendelea. Chanzo chake kilikuwa kiwanda cha mabehewa cha Pullman, karibu na Chicago. Kampuni ilikata mishahara bila kupunguza kodi za nyumba ilizowapangisha wafanyakazi wake. Siku chache tu baada ya kuwapa wafanyakazi sikukuu, Cleveland aliwapelekea wanajeshi. Mkono mmoja ulitoa keki, mwingine ulishika bunduki, na watu wakauawa.

Siku hizo mvulana wa takriban miaka 7 alimwona mfanyakazi mmoja akipigwa risasi na kufa. Aliitwa Ralph Chaplin. Alikua, akawa mchoraji na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na Januari 1915 akamaliza kuandika wimbo unaoitwa "Solidarity Forever". Ndio huo ambao viongozi wa vyama vyetu vya wafanyakazi huimba wameshikana mikono kila Mei Mosi, viongozi wa serikali wakiwa jukwaani, jua limewaka na fulana zenye nembo zimelowa jasho. Watazamaji wengi hudhani ni wimbo wa sherehe tu. Ndani yake yumo mtoto wa umri wa darasa la kwanza aliyeona kitu ambacho hakupaswa kukiona.

Na tarehe 7 Julai 1903, siku ambayo kwetu baadaye ingekuwa Sabasaba, watoto wa viwanda vya nguo vya Kensington, Philadelphia, walianza safari ya miguu kuelekea nyumbani kwa Rais Theodore Roosevelt huko Oyster Bay. Kiongozi wao alikuwa bibi mwenye mvi, Mary Harris Jones, ambaye watu walimwita Mama Jones. Wafanyakazi wa Kensington walikuwa wamegoma wakitaka wiki ya saa 60 ipunguzwe hadi 55. Baadhi ya watoto hao walikuwa wamepoteza vidole mashineni. Walitembea kwa majuma, wakilala walipopata pa kulala. Roosevelt alikataa kuwaona.

Dai la saa nane lilifika Afrika Mashariki kwa reli, kama mambo mengi. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi mwaka 1927 kumfuata baba yake, fundi seremala aliyekuja kufanya kazi katika reli na baadaye akaanzisha kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Kijana alifanya kazi katika kiwanda hicho, na hiyo ikamfaa sana. Mtu mwenye mashine ya chapa hahitaji kuomba ruhusa ya gazeti. Mwaka 1935 alishika ukatibu wa chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulipenda hata kidogo. Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62. Walitoka na nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 15 na 25, pamoja na siku ya saa nane.

Miaka hamsini na moja baada ya Chicago, basi, saa nane ilipatikana Nairobi. Sijui kwa nini jambo hili halimo kwenye mabango yetu.

Tarehe 1 Mei 1949, kwa makusudi kabisa, Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Aprili ya mwaka uliofuata, kwenye ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh akasimama hadharani na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Alikamatwa tarehe 15 Mei 1950. Kesho yake Nairobi ikagoma. Yeye alikaa kizuizini, sehemu kubwa ya muda huo katika jangwa la kaskazini mwa Kenya, mpaka Oktoba 1961: miaka zaidi ya 11. Watoto wake walikua bila yeye.

Mombasa nako kulikuwa na mgomo mkubwa Januari 1947. Tunaposimulia mgomo huo tunawataja makuli wa bandarini na watu wa reli, na ni haki yao. Lakini walioacha kazi siku zile walikuwa pia wahudumu wa hoteli, wapishi na watumishi wa majumbani. Mabwana waliamka wakakuta hakuna chai. Nawataja hapa kwa sababu nitawarudia.

Upande wa Tanganyika, Tanga na mashamba yake ya mkonge ilituachia neno manamba: watu waliosafirishwa kutoka mbali, wakaorodheshwa kwa namba, mpaka namba ikawa jina lao. Watoto wangu hulipenda neno hilo kwa sauti yake, kisha wakielezwa maana hunyamaza. Mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mama yake alimwitaje?" Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kufuata njia ya reli. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, na vyama hivyo vikawa bega moja la TANU katika kudai uhuru. Halafu mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, TFL ikavunjwa. Mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja kilichofungamana na serikali. Baadaye ikaja JUWATA, kisha OTTU, na leo tuna TUCTA.

Kwa maoni yangu hapo ndipo Mei Mosi yetu ilipogeuka sura. Siku ya kudai ikawa siku ya kupokea. Mgeni rasmi anahutubia, mfanyakazi bora anapewa cheti na fedha kidogo, magari yaliyopambwa yanapita, na nchi nzima inatega sikio kama mshahara utapanda. Sidharau nyongeza, mimi mwenyewe ni mwalimu, na huwa nimekaa karibu na redio kama wenzangu. Nasema tu kwamba mtoto anayetazama sherehe hiyo kwenye televisheni ataelewa kuwa wafanyakazi ni watu wanaopita mbele ya jukwaa.

Shule nayo ilikuwa na jibu lake. Mwaka 1967 Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe pia shamba au karakana, ili msomi asije akaidharau kazi ya mikono. Wazo hilo bado nalipenda. Lakini lilipofika madarasani, mara nyingi lilipungua likawa jembe na ndoo: wanafunzi walilima, walichota maji, walifagia, na aliyechelewa alilima zaidi, kazi ikawa adhabu. Tulifundishwa kazi. Kuhusu wafanyakazi, yaani watu wenye masaa, migongo, ujira na watoto wanaowasubiri mlangoni, hatukufundishwa sana.

Sasa mimi hufanya hivi. Siku ya mwisho kabla ya Mei Mosi kila mtoto hupewa maharage 24, moja kwa kila saa ya siku. Kwanza tunapanga mafungu matatu ya nane nane, na wanaona yanavyolingana. Halafu Kiswahili chenyewe kinanisaidia kwa namna ambayo Owen hakuwa nayo. Saa zetu tunazihesabu tangu kunapokucha. Jua likishatoka na saa moja ikapita, ni saa moja. Mtu akianza kazi saa kumi na mbili alfajiri, akifika saa nane mchana amemaliza saa nane kamili. Jina la wakati ndiyo hesabu yenyewe. Mwaka wa kwanza nilipouliza "saa nane za kazi ni ngapi?" darasa zima lilicheka kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya swali, na watoto wa miaka sita hawapendi kitu kama kumkamata mwalimu.

Halafu wanachagua mtu wa nyumbani na kumhesabia. Maharage ya kazi upande huu, ya usingizi upande ule, yanayobaki katikati. Dereva wa daladala huwa anatoka na fungu kubwa upande wa kazi. Mama anayeuza chakula stendi pia. Watoto wengi hawakuwahi kufikiri kwamba yeye ni mfanyakazi, maana hana sare. Muuguzi wa zamu ya usiku huwavuruga kabisa, kwa sababu maharage yake ya usingizi yanaangukia mchana, na pana ubishi mrefu kama hiyo inaruhusiwa.

Mwaka jana mtoto mmoja alimchagua dada wa kazi. Hakuna aliyemwelekeza. Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri, akasema, kwa sababu ndiye anayeniamsha. Analala saa ngapi? Akafikiri. Saa nne usiku, baada ya vyombo. Tukahesabu pamoja: maharage 17 ya kazi. Yalibaki saba. Akayasukuma yote saba upande wa usingizi, akatazama katikati pale palipokuwa patupu, kisha akanyoosha mkono kuomba maharage zaidi. Nikamwambia siku haina mengine. "Basi umpe ya kwangu," akasema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Juni 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 189, wa kwanza kuwatambua wafanyakazi wa majumbani kuwa wafanyakazi kama wengine. Hayo ni mambo ya karatasi, na karatasi ina thamani yake. Hata waashi wa Melbourne walitaka iandikwe. Lakini dada wa kazi, ambaye mitaani wengine humwita beki tatu na kucheka, mara nyingi ana miaka michache tu kuliko mtoto anayemwamsha. Na tarehe 1 Mei, wafanyakazi wote wakiwa nyumbani na wageni wamekuja, ndiyo siku anayopika zaidi.

Shule ilipofunguliwa, mama wa mtoto yule alinisubiri mlangoni. Hakuwa amekasirika, ila alikuwa na neno.

"Mwalimu, habari za sikukuu?"

"Nzuri, mama. Karibu ndani."

"Mwanangu amepanga maharage mezani kwangu. Wageni wameketi. Anawaambia dada amebakiwa na saba tu." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ulimwambia nini?"

Nikamwambia kwamba tulihesabu tu. Nikamweleza habari ya mafungu matatu, na ya Lulu, kama nilivyowaeleza watoto. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti cha darasa langu, ambacho ni kifupi kiasi kwamba magoti hufika kifuani.

"Mimi mwenyewe natoka kazini saa kumi na mbili," akasema. "Foleni, nafika nyumbani saa mbili. Baba yao ndiyo usiseme. Sasa vile vyombo vya usiku aoshe nani?"

Lilikuwa swali la kweli, na hakuwa ananitega. Nikachukua mfuko wa maharage kutoka kabatini nikaumimina mezani. Tukaanza na yeye mwenyewe, kisha mumewe, kisha dada. Ilichukua muda, kwa sababu alitaka saa za foleni ziwekwe upande wa kazi, na nadhani alikuwa na haki.

"Yupo kaka yake wa darasa la sita," akasema mwishoni, huku akiyatazama mafungu. "Huyo sahani anaweza."